Kishikio cha Joto

Kituoni,
4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila barua hii usimsomee mama. Msomee ile karatasi ya pili, nimeiandika kwa ajili yake: humo nakula vizuri, nalala mapema, na ndege ni mpole kama kuku wa kufugwa. Hii ni yako peke yako.

Jumanne injini ilinichezea angani.

Nilikuwa narudi kutoka kiwanja kikubwa cha ndege na mfuko wa posta na katoni za dawa, bila abiria. Asubuhi ilikuwa ya unyevunyevu, mawingu yamelalia vilima, mvua haijaamua inyeshe au isinyeshe. Mara nikaona mshale wa mizunguko ya injini unashuka polepole, kama mtu anayepunguza redio ili asikilize umbea wa jirani. Nikaongeza mafuta. Ukapanda kidogo, ukashuka tena. Kisha injini ikaanza kumisi, mlio unakatikakatika. Baba, lori likikuzingua unavuta breki, unashuka, unafungua boneti, unalitukana. Mimi nishukie wapi?

Ndege hii ni ya zamani, ina kabureta. Ile niliyojifunzia haikuwa nayo. Hapa kuna kishikio kidogo chini ya dashibodi, wanakiita cha joto: ukikivuta, hewa iliyopashwa na ekzosi inaingia kwenye kabureta. Rubani aliyenitangulia alinionyesha kwa kidole tu, akasema, "Hicho ni cha barafu," tukacheka wote, maana jasho lilikuwa linatutiririka mpaka viatuni. Basi nikakivuta. Injini ikawa kama imepagawa. Ndege nzima ilitetemeka mpaka kalamu ikaniruka mfukoni. Nikajua nimeimaliza kwa mkono wangu mwenyewe. Nikakirudisha haraka, nikainamisha pua, nikaanza kutafuta shamba la kutua. Tulipotokea chini ya mawingu injini ikakohoa kidogo, ikatulia, ikaunguruma kana kwamba haijawahi kumkosea mtu adabu.

Nilipotua, fundi wa kituo aliiwasha, akaisikiliza, akabadilisha plagi mbili ili kuniridhisha. "Haina kitu, rubani." Nikamweleza upya. Akasema labda nimechoka. Wenzangu wameanza utani kwamba injini inaogopa wanawake. Nacheka nao, lakini siku hizi nikiona wingu nalizunguka kwa mbali.

Wewe ndiye ulinipakata kwenye usukani kabla sijajua kusoma. Gari lilikuwa likipita barabarani unasema, "Hiyo valvu," bila hata kugeuza shingo. Niambie, nilifanya sawa kukirudisha? Ikitokea tena nifanyeje?

Jibu lako nitalibeba mwenyewe bila kujua. Posta yote ya huku inakuja nyuma ya kiti changu, ila mfuko umepigwa lakiri na haufunguliwi mpaka ufike mezani kwa karani wa kituo. Niliwahi kumwomba anichungulizie palepale kiwanjani, akanitazama kama nimemwambia avue suruali.

Binti yako,
Kipanga


Nyumbani,
12 Machi

Kipanga, mama yangu,

Marahaba. Mama yako nimemsomea karatasi yake. Akauliza mbona mwandiko ni mzuri hivyo, mtoto anaficha nini. Huyu mwanamke tulimpoteza, angefaa upelelezi. Nikamwambia umekua, ndiyo maana.

Sasa ya kwetu. Kwanza tulia. Injini ni injini, iwe imelala chini ya boneti au iwe imepewa mabawa. Inataka mafuta, hewa na moto, kila kimoja kwa kipimo chake. Nimeendesha malori tangu sina ndevu mpaka ndevu zimekuwa nyeupe. Nimevuka milima na shehena ya saruji na breki za kuombea dua. Hakuna injini iliyowahi kunilaza njiani nisijue inaumwa nini.

Hicho kishikio chako ni ndugu wa choki. Unalikumbuka lori letu la kwanza, lile la petroli? Choki ukiivuta asubuhi injini ikiwa baridi, inashukuru. Ukiivuta injini imeshapata moto, inasongwa, inatetemeka, inatoa moshi mweusi. Dawa yake ni kurudisha, hakuna nyingine. Dereva mwenzangu mmoja aliing'ang'ania choki mpaka injini ikalewa petroli, tukalala porini tukihesabu mbu. Kwa hiyo ulifanya sawasawa, na mkono wako una akili kuwashinda wote wanaokucheka.

Shika kanuni hii, ndiyo iliyonizeesha: injini ikikulalamikia kwa jambo ulilolifanya, lirudishe jambo hilo palepale. Usibishane nayo. Na huyo fundi wenu mwambie asafishe chujio la mafuta, maana ugonjwa unaokuja na kuondoka mara nyingi ni uchafu wa tangi.

Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, lakini mimi sikuzaa kunguru. Ruka.

Baba yako,
Mzee Gia


Kituoni,
21 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama pale pale kwa karani, nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimeanza kufikiria kuandika barua ya kuacha kazi. Sasa siandiki.

Chujio limesafishwa, kulikuwa na vumbi kidogo, kwa hiyo heshima yako imepanda hapa kituoni. Halafu nimekijaribu kishikio nikiwa bado chini, kabla ya kuruka. Nikikivuta, nguvu inapungua. Nikikirudisha, inapanda. Ni kama ulivyosema kabisa. Nashangaa nilihitaji barua kuniambia jambo ambalo masikio yangu yalilisikia.

Wiki ijayo, kwenye mojawapo ya safari za posta, nitambeba mwalimu wa hesabu anayehamia shule ya huku. Nilikutana naye kiwanja kikubwa, amekuja mwenyewe kuitazama ndege kabla ya siku, anaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Hajawahi kupanda. Akaniuliza, "Na ikizima?" Nikamwambia baba yangu anajua injini zote duniani na amenifundisha. Alicheka, akasema basi atakaa mbele na mimi.

Mwambie mama mwandiko mzuri ni wa furaha safari hii.

Kipanga


Nyumbani,
24 Machi

Kipanga,

Soma hii kabla hujafanya lolote. Ile ya kwanza ichane.

Jana nilikuwa kwa kinyozi. Unaujua mdomo wangu. Nilikuwa nawasimulia watu jinsi nilivyomtibu mgonjwa aliye angani kwa barua ya posta. Wote walicheka isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Ni fundi wa ndege mstaafu, wanamwita Propela. Akausukuma mkono wa kinyozi, akaniuliza, "Umemwambia arudishe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mzee mwenzangu, umemwambia mtoto wako afe."

Nilitaka kumpiga. Kisha akanieleza.

Si choki, mwanangu. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo la kabureta, na petroli ikigeuka mvuke humo, panakuwa baridi kiasi kwamba unyevu unaganda, hata kama wewe huku nje unatokwa jasho. Barafu inaziba koo polepole. Ukivuta kishikio, joto linaiyeyusha, na maji yake yanamezwa na injini. Ndiyo maana inatetemeka na kukohoa vibaya kuliko mwanzo. Haifi, inapona. Ukikirudisha wakati ule, umeiziba tena. Na fundi wenu asingeona kitu, kwa sababu ndege ikishatua barafu imeyeyuka. Siku ile hukuokolewa na kurudisha. Uliokolewa na kushuka kwenye hewa yenye joto.

Vuta mpaka mwisho. Shikilia. Hata ikitetemeka mpaka meno yakugongane, shikilia. Propela anasema itakaa vibaya kwa muda unaoonekana hauishi, halafu itatulia. Chini utakapoijaribu itapunguza nguvu, hiyo ni kawaida yake, isikudanganye.

Tumekwenda naye mpaka ofisi ya kampuni yenu hapa mjini, tukawaomba wakupe ujumbe kwa redio. Karani akaniuliza mimi nani. Nikamwambia dereva wa lori mstaafu, baba wa rubani wao. Akatabasamu. Akasema redio ni ya kazi, si ya wazazi, na marubani wao wamesoma. Propela alipandisha sauti, tukatolewa nje sote wawili, yeye na nusu ya nywele zake. Kesho narudi, na keshokutwa pia. Kwa sasa barua hii inaondoka na basi la jioni.

Nilikuwa na uhakika, mama yangu. Hilo ndilo linalonitafuna. Sikubahatisha, nilikuwa na uhakika kabisa.

Baba yako


Nyumbani,
2 Aprili
Kwa mkono wa hospitali

Mwanangu,

Karani yule yule wa kampuni amekuja mwenyewe nyumbani, safari hii amevua kofia. Ametuambia injini ilizima, ukatua kwenye shamba la pamba, nyonga imevunjika, na abiria amefariki. Nilimuuliza mengine. Akasema hayo ndiyo aliyopewa.

Mama yako ameshapanda basi anakuja. Hajui lolote kuhusu kishikio. Mimi nimesema nabaki kulinda nyumba. Nyumba yenyewe ina nini cha kulindwa? Ukweli ni kwamba naogopa kuingia wodini ukaniangalia.

Nijibu jambo moja tu, hata kwa mstari mmoja. Barua yangu ya tarehe 24, ile ya kukwambia uvute na usirudishe, ilikufikia kabla ya safari?

Baba yako


Kituoni,
9 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Hatujuani. Mimi ni fundi wa ndege wa hapa kituoni, yule ambaye binti yako alinieleza tatizo nikamwambia haina kitu.

Karani wa posta anarudisha kwa watumaji barua zilizoharibika kwenye ajali. Mfuko tuliukuta nyuma ya kiti cha rubani, lakiri yake haijaguswa, lakini petroli iliuingia. Kwenye bahasha hii jina la mpokeaji limefutika, limebaki lako la mtumaji kwa nyuma. Nikamwomba karani niambatanishe na maneno yangu. Sijaifungua.

Nimeona nikuandikie kwa sababu najua hutapewa maelezo na mtu yeyote. Ndege haina hitilafu hata moja. Ilikuwa ni barafu ya kabureta, na hali ya hewa ya siku ile ilikuwa ya barafu kabisa. Ningelifikiria hilo mapema kama ningekuwa nimemsikiliza yule mtoto badala ya kuisikiliza injini ikiwa chini. Jambo hilo ni langu na nimewaambia wakaguzi hivyo. Ndege iligonga ukingo wa mtaro mwishoni mwa shamba, upande wa abiria. Binti yako aliitua vizuri kuliko ambavyo wengi wangeitua. Mtaro haukuonekana kwa pamba.

Kishikio cha joto tulikikuta kimesukumwa ndani mpaka mwisho. Wakaguzi walimuuliza hospitalini. Akasema alikivuta, injini ikatetemeka, akakirudisha. Wakamuuliza nani alimfundisha kurudisha. Akasema hakuna, ni hofu yake mwenyewe.

Mzee wangu, mimi nimefanya kazi naye. Ana mikono iliyotulia. Mtu wa namna ile harudishi kwa hofu, anarudisha kwa sababu anaamini. Kuna mtu alimwambia. Kama unamjua mwalimu wake, naomba unitajie, ili asije akamwambia mwingine.

Pole sana, na samahani.

Fundi wa kituo


Hospitalini,
15 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Mama amefika na ameshagombana na wauguzi wawili na mpishi. Amehamisha kitanda changu karibu na dirisha bila kumuuliza mtu, na daktari mkuu akipita anamsalimia kwanza yeye. Usiogope kuja. Siwezi kukuangalia vibaya, nimelazwa chali, naangalia dari tu.

Barua yako ya tarehe 24 ilinifikia. Karani alinipa mkononi siku moja kabla ya safari. Niliisoma, na angani nilifanya kama ulivyoandika: nilivuta mpaka mwisho, nikashikilia, ikatetemeka, nikaendelea kushikilia. Injini ilikataa tu. Kuna mambo hayana mwenyewe, baba. Usijitafute humo.

Namfikiria mwalimu. Injini ilipoanza aliniuliza, "Hii ni kawaida?" Nikamwambia ni kawaida. Aliniamini, akakunja mikono mapajani, akatulia kabisa. Hakupiga kelele hata tulipoifikia ardhi. Nalia kila siku kwa sababu alitulia. Ndugu zake walikuja, wakanisalimia vizuri, na hilo ni gumu kuliko kama wangenitukana.

Leseni wameichukua. Sikubisha.

Kuna jambo nataka kukuuliza, maana hapa kila mtu ana lake. Muuguzi wa mazoezi ananisimamisha kila asubuhi. Inauma kuliko siku yenyewe, mpaka naona giza, na nikirudi kitandani nahisi nimeharibika zaidi. Yeye anasema niendelee. Mama anasema anionee huruma, aache kwanza. Wewe unasemaje? Nitafanya utakalosema, kama siku zote.

Binti yako,
Kipanga


Nyumbani,
24 Aprili

Kipanga, mama yangu,

Marahaba, na pole. Mama yako mwache agombane, ndiyo dua yake.

Umesema barua yangu ilikufikia. Basi ilikufikia.

Nimemlilia mwalimu yule ambaye sikumjua. Ungeniambia anatoka wapi, ningekwenda kwa watu wake nikae msibani, hata kama sitakuwa na la kuwaeleza kuhusu kilichonileta. Fundi wenu ameniandikia salamu, ni mtu mwema. Ameniuliza jambo nami nitamjibu, hilo niachie. Kwa kinyozi siendi tena. Vijana wa gereji wakiniletea injini zao wanioneshe, nawaambia masikio yangu yameziba.

Sasa swali lako. Nimeanza kukujibu mara kadhaa nikachana. La kusema nilikuwa nalo, unanijua, mimi sikosi la kusema. Nilikuwa nimeshaandika kwamba mfupa ni kama chasisi ya lori, ikishapinda haitaki papara. Nikalitazama neno hilo. Lilikuwa limekuja kwa uhakika ule ule, halijapiga hata hodi. Nikaiweka kalamu chini.

Usifanye nitakalosema. Muulize daktari, na akikujibu muulize tena mbele ya muuguzi, mpaka wakubaliane. Wakikwambia simama, simama hata ukilia. Wakikwambia lala, lala, hata mama yako akisema nini.

Mimi sijui, mwanangu. Sijui kabisa.

Kesho napanda basi. Sileti ushauri wowote. Nitakaa kwenye kiti, na ukitaka maji nitakupa.

Baba yako